Baridi Hutoka Chini

Blanketi la kwanza lililokuwa langu peke yangu nilikabidhiwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mwishoni mwa 1996, nikiwa na miaka 11. Lilikuwa la kijivu, linakwaruza shingo, na harufu ya ghala haikulitoka mwaka mzima. Aliyekuwa akigawa alisoma namba kwenye kadi ya mama, akahesabu vichwa vyetu, akatupa mablanketi juu ya turubai, tukabeba. Nilikaa katika kambi ile karibu miaka 20, na sikumbuki hata siku moja niliyochagua kitu cha kunikinga na baridi. Tulipewa, tukashukuru, tukajifunika.

Kwa hiyo mnamo 2018, nilipoingia kwenye duka la vifaa vya kambi pembezoni mwa Buffalo, Marekani, kutafuta mfuko wa kulalia, sikuwa najua hata pa kuanzia. Ukuta mzima ulikuwa umepangwa mifuko, myekundu, ya bluu, ya kijani, kila mmoja na namba yake kubwa kifuani. Bei zilianzia dola 40 zikapanda mpaka zikapita kodi yangu ya nusu mwezi. Nilichagua kwa njia pekee niliyoijua, ile ya sokoni: nikachukua ulioahidi makubwa kwa bei ndogo. Ulikuwa umeandikwa sifuri ya Fahrenheit, yaani nyuzi 18 chini ya sifuri kwa kipimo chetu. Nililipa dola 45. Nikatoka nimeukumbatia, nikijiona nimeshamaliza kazi.

Safari ya kuwinda iliyonifanya niununue ilitokana na mzee mmoja wa kazini. Nilikuwa nafanya zamu ya mchana kwenye kiwanda kidogo Amherst, mji ulioshikana na Buffalo upande wa kaskazini mashariki, palipo na kampasi kubwa ya chuo kikuu. Kule kulungu huvuka barabara jioni kama mbuzi wanaorudi zizini. Wenzangu wa Buffalo humwita swala, wa Columbus nimewasikia wakisema paa. Mimi namwita kulungu, kwa kuwa ndilo jina nililolikuta kwenye kitabu cha shule. Mzee yule aliniona nimesimama dirishani wakati wa chakula nikiwaangalia, akaniuliza kama kwetu tunawinda. Nikamwambia baba yangu alikuwa mwindaji. Hakusema zaidi siku hiyo. Wiki iliyofuata alinipa karatasi ya kozi ya usalama wa wawindaji, ile inayosimamiwa na Idara ya Uhifadhi wa Mazingira ya jimbo la New York. Kozi ilikuwa ya bure. Leseni ilinigharimu dola 22, bei ya mkazi, na hapa mkazi ni mtu aliyekaa jimboni siku 30. Niliposoma hivyo nilikaa kimya kidogo. Tanzania nilikaa karibu miaka 20 nikiwa mgeni.

Tulipanga kwenda Adirondack wakati wa Siku ya Shukrani, msimu wa bunduki wa kanda ya kaskazini ukiwa bado wazi. Adirondack ni hifadhi iliyotangazwa mwaka 1892, yenye eka zipatazo milioni 6, kubwa kuliko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Sehemu yake ni mali ya watu, sehemu ni msitu wa serikali, na huo wa serikali umelindwa na katiba ya jimbo tangu 1894 kwamba ubaki pori daima. Mtu wa kawaida anaruhusiwa kupiga hema humo bila kulipa, mradi awe futi 150 kutoka kwenye maji, njia au barabara, au alale kwenye eneo lililowekewa alama. Tulikwenda Moose River Plains, mwendo wa saa nne na kitu kutoka Amherst: barabara kuu mpaka Utica, kisha kaskazini kupitia Old Forge. Old Forge ndipo palipopimwa moja ya baridi kali kabisa katika historia ya jimbo, nyuzi 47 chini ya sifuri, tarehe 18 Februari 1979. Mzee alinieleza hilo tukiwa tunanunua petroli, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Novemba ile ya 2018 baridi ilishuka mapema. Siku ya Shukrani yenyewe, tarehe 22, jiji la New York lilikuwa halijapata Siku ya Shukrani yenye baridi kama hiyo kwa zaidi ya miaka 100, na sisi tulikuwa mbali sana kaskazini mwa jiji hilo, kwenye bonde la wazi ambako hewa nzito ya usiku hutulia kama maji kwenye bakuli. Kipimajoto alichokifunga mzee kwenye kamba ya hema kilisoma nyuzi 22 chini ya sifuri kabla ya mapambazuko.

Nilikuwa nimeutandika mfuko wangu mpya juu ya godoro la kupuliza, nene, la aina tunayowatandikia wageni nyumbani. Niliamini unene ule ni fahari. Saa sita za usiku bega la kulia liliniamsha. Nikageuka, kikaja kiuno. Juu nilikuwa na joto la kuvumilika, lakini chini ilikuwa kama nimelazwa juu ya mto unaotembea. Nilivaa koti nikarudi ndani, nikavaa suruali ya pili, nikazidi kubanwa. Ilipofika saa nane meno yalikuwa yanagongana kiasi kwamba mzee aliamka upande wa pili wa hema.

Hakunilaumu. Aliwasha taa ya kichwani, akabonyeza godoro langu kwa kiganja, akafungua kizibo hewa ikatoka yote. Kisha akaanza kunitandikia: mkeka wake wa akiba wa sponji ngumu, mkoba wake aliomwaga vitu vyote, kamba ya kuvutia nyama ikiwa imekunjwa, koti la mvua, fulana zetu mbili za rangi ya chungwa, magunia ya nyama. Alikuwa anapachika kila kitu kwenye nafasi yake, anakandamiza, anapapasa palipo na tundu. Nilimwangalia nikiwa nimechutama, mikono kwapani, na ghafla nikamwona baba.

Kabla ya vita, kijijini kwetu upande wa Fizi, baba alinichukua mara mbili kupanda naye kuelekea milima ya Itombwe. Watu wakisikia Kongo hufikiria joto na mbu. Itombwe inapita mita 3,000, na usiku wake una umande unaouma mifupa. Baba hakuwa na hema wala mfuko wowote. Alikuwa na kitenge kimoja cha mama na gunia. Jua likikaribia kuzama aliacha kila kitu na kukata majani ya nyasi na matawi ya kangaga, akayarundika chini ya paa la matawi, akasimama kando ya rundo na kulipima kwa mguu wake. Likifika gotini, anaacha. Likiwa chini ya goti, anarudi kukata. Juu yake gunia, kisha sisi, kisha kitenge. Moto ulikuwa wa miguu tu. Mimi nilidhani anatafuta ulaini, nikamwambia, "Baba, imetosha, nimechoka." Akanijibu kwa Kibembe maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema ardhi haishibi. Tukalala vizuri. Nikayasahau kwa miaka 24, mpaka usiku ule.

Tulirudi bila nyama. Lakini nilirudi na hasira nzuri, ile inayomfanya mtu asome.

Nilichojifunza kwanza ni kwamba mfuko wa kulalia hautoi joto. Joto ni lako, ulilolitoa kwenye chakula, na mfuko kazi yake ni kulizuia lisikimbie. Unalizuia kwa hewa iliyokwama ndani ya manyoya au nyuzi zake. Ukiulalia, upande wa chini unabanwa, hewa inatoka, unabaki na vitambaa viwili tu kati yako na ardhi iliyoganda. Kwa hiyo mfuko ni wa juu. Cha chini ni mkeka, na mkeka nao una kipimo chake, kiitwacho R. Mkeka wa kawaida wa sponji ngumu, ule wa kukunjika, una R ya 2 hivi. Kulala juu ya theluji watu wenye uzoefu hutaka kama 5. Uzuri ni kwamba namba hizi hujumlishwa: mikeka miwili ya 2 ni 4, hesabu ya darasa la kwanza. Na godoro la kupuliza lisilo na kitu ndani ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa hewa yake inazunguka, inachukua joto la mgongo na kulishusha ardhini usiku kucha. Nililala juu ya kitu kilichokuwa kinaniibia.

La pili ni namba. Kuna kipimo kilichoanzia Ulaya mwaka 2002, ambacho tangu 2016 kinaitwa ISO 23537. Wapimaji huchukua sanamu la ukubwa wa mtu, lenye joto la ndani na vihisio mwilini, wakalivika nguo ndefu za ndani na soksi, wakaliingiza kwenye mfuko uliowekwa juu ya mkeka ndani ya chumba cha baridi. Kutoka hapo hupatikana namba tatu. Ya kwanza ni ya starehe, na inahesabiwa kwa mwanamke wa kawaida aliyelala amejinyoosha. Ya pili ni ya ukomo, inahesabiwa kwa mwanamume aliyejikunja. Ya tatu ni ya hatari: kiwango ambacho mtu anaweza kumaliza saa sita bila kufa, ingawa si bila kudhurika. Kati ya ya kwanza na ya pili mara nyingi kuna tofauti ya nyuzi 5 au zaidi. Kati ya ya pili na ya tatu tofauti ni kubwa zaidi.

Mfuko wangu wa dola 45 haukuwa na namba tatu. Ulikuwa na moja, bila kusema ni ipi, na bila kusema imepimwa na nani. Sheria haimlazimishi kila mtengenezaji kupima, hasa kwa mifuko ya bei ya chini. Leo nikikuta namba moja kubwa isiyo na maelezo naichukulia kuwa ni ile ya tatu, naongeza joto la nyuzi 10 na zaidi ndipo nifikirie kulala humo. Na hata nikikuta zote tatu natazama ya kwanza tu, ya starehe. Mimi si mwanamke, lakini nilikulia mahali ambapo usiku wa baridi ni nyuzi 15, na mwili wangu haujui kujidanganya.

Nilimpigia kaka yangu wa Louisville. Sisi wa Fizi kaka mkubwa tunamwita yaya.

"Yaya, wewe mfuko wako ni wa namna gani?"

"Wa dola 40, mdogo wangu. Namba sifuri, kama wako. Nalala nao kila mwaka, mzuri sana."

"Mnalala wapi?"

"Kwenye shamba la jamaa, Novemba. Usiku maji hata hayagandi."

Hakusema uongo. Jimbo lake la Kentucky hufungua msimu wa bunduki Jumamosi ya pili ya Novemba, na usiku mwingi wa wakati huo ni baridi ya koti. Mfuko uleule, ulionitetemesha mimi, kwake ni kitanda. Binamu yetu wa Columbus yeye hana mfuko kabisa. Jimbo lake la Ohio huanza wiki ya bunduki Jumatatu baada ya Siku ya Shukrani, na anawinda kwa siku, jioni anarudi kwake, anaoga, analala na watoto. Nikiulizwa mfuko wa bei nafuu kuliko yote ni upi, nitamtaja binamu. Kama pori lako liko dakika 50 kutoka nyumbani, kwa pesa hiyo wanunulie watoto viatu. Mfuko mzito wa baridi ni wa mtu anayekwenda mbali na barabara, akabaki huko.

Ndani ya mfuko kuna ama manyoya ya ndege, bata au bata bukini, ama nyuzi za kiwandani. Manyoya ni mepesi, yanabanwa yakawa kama mkate, na ukiyatunza yatakaa miaka mingi. Lakini yakilowa yanajikunja kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa, na joto linakwisha. Bei yake ndiyo ile iliyopita kodi yangu ya nusu mwezi. Nyuzi ni nzito, zinajaza mkoba, na kila unapozibana kwa nguvu zinazeeka kidogo. Ila zikilowa bado zinakumbuka kazi yake, na bei ni ya mtu wa mshahara wa saa. Mwindaji analowa: anatoka jasho akikokota mnyama, anarudi gizani na theluji mabegani, anaingia hemani na nguo zenye damu. Kama huna pesa nyingi na huna pa kukaushia, chukua nyuzi. Hilo nalisema bila kusita, ingawa najua wapo watakaobisha, hasa wale wanaopanda milima na kuhesabu kila gramu.

Mimi nilikwenda kwenye mitumba. Neno hili sina aibu nalo, Nyarugusu mitumba ndiyo iliyotuvika. Jeshi la Marekani kwa miaka mingi liliwapa askari wake seti ya kulalia ya vipande vitatu: mfuko mwembamba wa kijani, mfuko mzito mweusi, na ganda la nje la kuzuia maji lenye rangi za msituni. Vipande vinaingiliana na kufungana kwa vifungo, unachagua kimoja au vyote kulingana na usiku. Ni nyuzi, si manyoya. Seti nzima ina uzito wa karibu kilo tano, na huo ndio ubaya wake. Niliipata Machi 2019, majira ambayo hakuna anayefikiria baridi tena, kwenye duka la vifaa vya jeshi vilivyotumika, kwa dola 130.

Niliikagua kama mama anavyokagua shati la mtumba. Nilifungua zipu zote mara tatu mpaka mwisho na kurudi. Nikanusa kwenye miguu, maana ukungu hujificha huko. Nikaulaza ule mweusi sakafuni, nikaukung'uta, nikaenda kuzunguka dukani nusu saa, nikarudi kuona kama umevimba. Mfuko uliochoka hauvimbi. Nikaunyanyua kwenye taa kutafuta mahali ambapo nyuzi zimekimbia na kuacha kitambaa kitupu. Nikaangalia kofia kama inafunga mpaka ubaki mdomo na pua. Mwenye duka alinivumilia.

Nyumbani, nikiifua seti, nikakuta ndani ya ganda jina la askari limeandikwa kwa wino uliofifia. Nilikaa na jina lile mkononi muda mrefu. Askari ndio waliotutoa Fizi. Nilikimbia usiku kwa sababu ya watu waliovaa rangi kama zile, tukavuka ziwa Tanganyika kwa mtumbwi uliojaa kupita kiasi, na mimi ndiye niliyekuwa nachota maji kwa sufuria. Mama watoto alinikuta nimekaa hivyo, akasoma jina, akaniambia, "Na yeye alikuwa anasikia baridi, Baba." Sikulifuta. Liko hapo mpaka leo.

Dola 40 nyingine zilikwenda chini: mikeka miwili ya sponji ngumu. Kwa hiyo kitanda changu kizima kiligharimu dola 170, na nina hakika kwamba zile 40 ndizo zilizofanya kazi kubwa zaidi. Ukiwa na dola 100 tu mfukoni, anza na chini. Ukishapanga chini, angalia kilichobaki, ndipo utafute cha juu. Watu hufanya kinyume kwa sababu mkeka hauna rangi wala haupendezi machoni.

Novemba 2019 tulirudi bonde lilelile. Nilikuwa nimeshafundishwa na mzee mambo madogo ambayo hayauzwi. Kabla ya kuingia, badili kila kitu kinachogusa ngozi, hata kama soksi unaziona kavu. Nenda haja ndogo, usijibane, maana usingizi unakatika na mwili haupati raha. Chemsha maji, yatie kwenye chupa ngumu ya plastiki, ifunge vizuri, ivike soksi, iweke katikati ya mapaja. Usiingize uso ndani ya mfuko ukapumua humo, kwa kuwa pumzi ni maji, na maji asubuhi yanakuwa barafu kwenye kola. Usirundike makoti ndani ya mfuko mwembamba mpaka ukajibana, kosa nililolifanya mwaka wa kwanza. Koti litandaze juu. Na usiwashe moto wa aina yoyote ndani ya hema iliyofungwa. Pombe mzee hakuwa anakunywa, mimi pia, kwa hiyo somo hilo lilikuwa fupi.

La chakula nilimfundisha mimi. Anayelala kwenye baridi kali anatakiwa ale mafuta jioni, kwa kuwa mafuta yanaungua polepole kama kuni ngumu. Yeye alikuwa na jibini na karanga. Mimi nilikuwa na sombe ya mama watoto, yaani majani ya muhogo, imepikwa na mawese na karanga za kusaga, imegandishwa nyumbani, naikata kipande kwa kisu naiyeyusha kwenye sufuria. Alionja akafumba macho. Toka hapo kila Oktoba huniuliza kazini, kabla ya kuuliza habari za bunduki, kama majani yale yapo.

Usiku wa kwanza ulifika nyuzi 14 chini ya sifuri. Nililala. Sina maneno mengine: nililala tangu saa mbili mpaka mzee aliponigusa mguu saa kumi, na nilipotoka hemani mikono yangu ilikuwa na joto la kutosha kuijaza bunduki bila glovu. Siku ya pili, muda mfupi baada ya jua kuchomoza, nilimpata dume mmoja kwenye ukingo wa mierezi. Aliyewahi kukosa usingizi usiku wa baridi atanielewa: mkono unaotetemeka hauna haki ya kumlenga mnyama. Ukimjeruhi akaenda kufia mbali, kosa ulilitenda jana yake ulipotandika vibaya. Nyama tuliivuta kwa sledi ya plastiki, tukagawana. Nusu yangu ililiwa na familia sita za Buffalo ndani ya wiki moja.

Desemba 2022 kitanda kile kilitumika bila kutoka Amherst. Ijumaa tarehe 23 dhoruba ya theluji ilianza asubuhi kwa upepo ambao sijawahi kuusikia, wa kupita kilomita 100 kwa saa, na theluji ikawa haishuki bali inapita kama ukuta. Mwezi mmoja kabla, dhoruba nyingine ilikuwa imezika vitongoji vya kusini mwa Buffalo kwa karibu mita 2, na sisi wa kaskazini tulipata kidogo tu, tukadhani bahati yetu itarudia. Safari hii haikutuacha. Watu zaidi ya 40 walikufa katika kaunti yetu ya Erie, wengine ndani ya magari, wengine barabarani, wengine ndani ya nyumba zao zilizopoa. Umeme wetu ulikatika mchana. Tanuri la kupasha nyumba hutumia gesi, lakini feni yake ni ya umeme, kwa hiyo likanyamaza.

Jirani yangu, Mrundi, mzee kuliko mimi, alipiga simu akiwa na wazo la kuingiza jiko la mkaa sebuleni. Nilimsihi. "Mzee wangu, nakuomba, lile jiko lisivuke kizingiti. Mkaa unaua bila kukohoza. Njooni kwetu." Walivuka ukumbi wakaja, watu wanne, na mablanketi yao.

Tukawa tisa. Tulichagua chumba kidogo kuliko vyote, kisicho na ukuta wa nje ila mmoja, tukaziba chini ya mlango kwa taulo. Mke wa jirani alikuwa ameshaanza kuwalaza watoto kwenye zulia na kuwafunika, mkono wake ukipapasa huku na kule kutafuta kingine cha kuweka juu. Nikamwomba awanyanyue kwanza. Nilileta mikeka miwili, nikaleta mito ya makochi, nikaleta maboksi ya kuhamia tuliyokuwa tumeyakunja stoo, magazeti, zulia la sebuleni, nguo za kiangazi kutoka kabatini. Mfuko mweusi nikaufungua zipu mpaka chini uwe shuka la kufunika watoto watatu, wa kijani ukawa wa wale wawili wadogo.

Binti yangu alikuwa ameshika taa. "Baba, imetosha," akaniambia. "Wanasinzia."

Nikasimama kando ya rundo, nikalipima kwa mguu. Lilikuwa bado chini ya goti. Nikarudi stoo.